Anza na swali la Glaucon: namna ya kuisoma Jamhuri ya Plato

Mara ya kwanza nilipoifungua Jamhuri, kitabu cha mazungumzo cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nilianza ukurasa wa kwanza, kama mtu anavyoanza kitabu chochote. Nikafika pale Thrasymachus, mbishi mkali wa mwanzo wa kitabu, anapoingia kwa kishindo, nikapitia kurasa nyingi za mabishano juu ya waganga, manahodha na wachungaji, kisha nikakifunga. Kilikaa rafuni miaka minne. Niliporudi nilianzia mahali pengine kabisa, na hapo ndipo nilipoona wale watu walikuwa wanatafuta nini. Tangu siku hiyo nimekisoma na vikundi vya watu watatu, wanne, wakati mwingine na mtu mmoja tu, na wote nimewaomba wasianzie nilipoanzia mimi. Haya ndiyo maelekezo ninayowapa.

Jambo la kwanza ni nambari za pembeni. Toleo zuri la Plato, la lugha yoyote, lina alama kama 357a au 439e kando ya maandishi. Zimetokana na chapa ya Henri Estienne, ambaye kwa Kilatini huitwa Stephanus, iliyotoka Geneva mwaka 1578. Nambari ni ukurasa wa chapa ile, na herufi a hadi e ni vipande vya ukurasa. Jamhuri inaanzia 327a na kwisha 621d. Kama nakala yako haina alama hizi tafuta nyingine, kwa sababu bila hizo hutaweza kumwonyesha mwenzako mstari unaoubishia, na kitabu hiki ni cha kubishana. Kimegawanywa katika vitabu 10, ila "kitabu" hapa kichukulie kama sura ndefu.

Maneno mawili ya kupatana nayo mapema

Neno la Kigiriki ambalo kitabu kizima kinalifukuzia ni dikaiosyne. Ukisema "haki" hujakosea, lakini haki kwetu ni kitu ninachokudai: nipe haki yangu, nimenyimwa haki, twende tukatafute haki. Iko kati yako na mimi. Ukisema "uadilifu" hujakosea pia, ila sasa umehamia ndani ya mtu, kwenye tabia yake. Mgiriki alitumia neno moja kwa yote mawili, na safari yote ya Socrates, mwalimu wa Plato na mzungumzaji mkuu katika Jamhuri, ni kutoka lile la kwanza kwenda lile la pili. Anaanza na madeni na sheria, anaishia na mpangilio wa nafsi. Msomaji anayeshika "haki" mwanzo hadi mwisho atafika Kitabu cha 4 na kuhisi amezungukwa. Anayeshika "uadilifu" tu hataelewa kwa nini Kitabu cha 1 kinahangaika na mali iliyowekwa amana. Mimi husoma kwa neno "haki" mpaka mwisho wa Kitabu cha 3, halafu najiruhusu "uadilifu", na pale ninapobadilisha naweka alama ya penseli, kwa sababu mahali penyewe ni pa kutilia shaka.

La pili ni psyche. Katika Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, psyche ni kile kinachomtoka mtu anapokufa, na hapo "roho" inafaa kabisa, kama tunavyosema amekata roho. Kufikia wakati wa Plato neno hilo limebeba mengi zaidi: ndicho kinachofikiri, kinachotamani, kinachostahili sifa au lawama. Kwa hilo Kiswahili kina "nafsi", na kina hata misemo iliyokwisha kufanya nusu ya kazi ya Plato. Tunaposema nafsi yake inamsuta, tayari tumekiri kwamba ndani ya mtu mmoja kuna anayesuta na anayesutwa. Swali la Kitabu cha 4 ni hilo hilo: wako wangapi humo ndani?

Fungua 357a

Anza mwanzo wa Kitabu cha 2. Wanaozungumza na Socrates ni Glaucon na Adeimantus, ndugu wawili wa Plato mwenyewe. Glaucon hajaridhika. Anaona Thrasymachus amenyamazishwa upesi mno, na anataka jambo lianze upya.

Anagawanya vitu vizuri katika makundi matatu. Viko tunavyovipenda kwa ajili yake vyenyewe tu, kama furaha isiyo na madhara. Viko tunavyovipenda kwa ajili yake na kwa ajili ya matokeo yake pia, kama afya, kuona na kufikiri. Na viko vya kuvumilia tu kwa sababu ya faida, kama dawa, mazoezi ya mwili na kazi za kutafuta pesa. Haki iko kundi gani? Socrates anasema la pili. Glaucon anasema watu wengi wanaiweka la tatu, pamoja na dawa chungu, na anamtaka Socrates athibitishe kwamba wamekosea.

Halafu inakuja pete, 359d. Mchungaji mmoja wa nchi ya kale ya Lydia, mzazi wa kale wa mfalme Gyges, yuko malishoni. Mvua inapiga, nchi inatetemeka, ardhi inapasuka. Anashuka kwenye ule ufa na kukuta farasi wa shaba aliye wazi ndani, mwenye vijidirisha. Anachungulia, anaona maiti kubwa kuliko ya binadamu, haina kitu mwilini ila pete ya dhahabu kidoleni. Anaichukua. Baadaye, katika kikao cha wachungaji, anaigeuza ile pete uso wake uelekee ndani ya kiganja, na wenzake wanaanza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha kuondoka. Anaigeuza nje, anaonekana tena. Anajaribu mara kadhaa mpaka anahakikisha. Kisha anafanya mpango awe mmoja wa wajumbe wa kwenda kwa mfalme, anafika huko, anamtongoza malkia, anamuua mfalme, anatwaa enzi. Hadithi nzima haichukui ukurasa.

Ukiisha kuisoma funga kitabu, chukua karatasi, uandike ungefanya nini na pete ile siku ya kwanza. Siku ya kwanza hasa, asubuhi mpaka usiku, si maisha yako yote. Huwa nawapa watu robo saa na hakuna anayesomewa alichoandika mwenzake. Karatasi ile ikunje uiweke mwishoni mwa kitabu, tutaihitaji.

Endelea mpaka 361d. Glaucon anachukua watu wawili na kuwasafisha kama mtu anavyosugua sanamu. Mdhalimu anapewa kila kitu, pamoja na sifa ya kuwa mtu wa haki. Mwadilifu ananyang'anywa kila kitu isipokuwa haki yake. Watu wanamdhania mdhalimu, anapigwa mijeledi, anateswa, anachomwa macho, mwisho anatundikwa. Sasa niambie, anasema Glaucon, nani kati yao mwenye maisha bora? Usiniambie juu ya heshima, wala juu ya thawabu, wala juu ya malipo ya miungu. Nionyeshe haki inafanya nini ndani ya nafsi ya mwenye nayo, hata isipoonwa na yeyote.

Andika dai hilo kwa maneno yako kwenye kadi, na kadi hiyo ndiyo iwe alama yako ya ukurasa. Kama kuna ushauri mmoja tu utakaouchukua kwangu, chukua huu. Jamhuri ina mashairi, muziki, jeshi, ndoa, hesabu, nyota na pango. Inampoteza msomaji kwa urahisi. Kila ukipotea soma kadi, kisha uulize: sehemu hii inamjibuje Glaucon? Mara nyingi jibu lipo.

Sasa rudi mwanzo, ukijua uko nyumba ya nani

Baada ya Glaucon, Kitabu cha 1 kinasomeka vizuri. Lakini kisome ukijua jambo ambalo wasomaji wa kwanza wa Plato walilijua na sisi hatuambiwi ndani ya maandishi.

Mazungumzo yanafanyika Piraeus, bandari ya Athens, katika nyumba ya Polemarchus. Baba yake, mzee Cephalus, asili yake ni Syracuse. Tunamkuta ameketi na shada kichwani, ametoka kutoa kafara uani. Ni familia ya wageni wakaazi, matajiri, wenye karakana ya ngao. Ndugu yake Polemarchus, Lysias, yumo chumbani ingawa hasemi neno. Mwaka 404 KK, baada ya Athens kushindwa na Sparta, utawala wa watu Thelathini ulishika mji. Walihitaji fedha, wakawageukia wageni matajiri. Lysias alitoroka. Polemarchus alikamatwa njiani, akaamriwa kunywa sumu ya hemlock bila kuelezwa kosa lake. Tunayajua haya kwa sababu Lysias aliyasema mwenyewe katika hotuba dhidi ya Eratosthenes, mmoja wa wale Thelathini. Anasema walichukua ngao 700 na watumwa 120, na kwamba mmoja wao alizitoa hereni za dhahabu masikioni mwa mke wa Polemarchus alipoingia tu nyumbani. Niceratus, anayetajwa pia kuwa miongoni mwa waliokuwapo, aliuawa na watawala hao hao. Na Critias, kiongozi mkali wa Thelathini, alikuwa wa ukoo wa mama yake Plato.

Basi katika nyumba hii, mbele ya Polemarchus, Thrasymachus anaruka kama mnyama na kutangaza kwamba haki si kitu ila faida ya mwenye nguvu. Plato aliandika haya miaka mingi baada ya zile hereni. Sijui namna ya kuusoma mstari ule, 338c, kama zoezi la darasani tu.

Kwa hiyo katika Kitabu cha 1 angalia watu zaidi ya hoja. Cephalus anasema haki ni kusema kweli na kulipa unachodaiwa. Socrates anamuuliza: rafiki aliyekuwekea silaha akija kuidai akiwa amerukwa na akili, utampa? Mzee anacheka na kwenda kwenye kafara yake, hoja anamwachia mwanawe. Polemarchus anasema haki ni kuwatendea mema marafiki na mabaya maadui, na anakubali kusahihishwa mpaka anasimama upande wa Socrates: si kazi ya mwenye haki kumdhuru mtu yeyote. Thrasymachus hasahihishiki. Anatoka jasho, kisha kwenye 350d anaona haya mpaka uso unamwiva. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza utaona kitu ambacho Kitabu cha 4 kitakipa jina, maana akili yake haijashawishika lakini kuna kitu kingine ndani yake kimeguswa.

Mji ni maandishi makubwa

Kwenye 368d Socrates anatoa mfano wa watu wenye macho dhaifu wanaoambiwa wasome herufi ndogo kutoka mbali. Mmoja anagundua kwamba maneno yale yale yameandikwa mahali pengine kwa herufi kubwa. Ndivyo, anasema, tuitazame haki kwanza katika mji, halafu tuitafute katika mtu mmoja. Mji wote unaofuata, pamoja na walinzi wake na sheria zake, umejengwa kwa kazi hiyo. Wapo wanaousoma kama katiba ya kweli iliyokusudiwa kutekelezwa, na mjadala huo ni halali, lakini msomaji wa mara ya kwanza anayeanza kwa kuukasirikia mji atasahau nafsi kabisa. Hasira hizo ziandike pembeni, uendelee.

Sehemu ya mashairi na muziki katika Kitabu cha 2 na cha 3 ipitie upesi. Simama tu kwenye 410 hadi 412, ambapo anasema muziki na mazoezi havikugawanywa kimoja cha nafsi na kimoja cha mwili. Vyote viwili ni vya nafsi. Kimoja kikizidi mtu anakuwa mkali, kingine kikizidi anakuwa laini, na kazi ni kukaza na kulegeza mpaka vipatane.

Kitabu cha 4: usikisome kwa siku moja

Hapa ndipo ninapotaka ukae. Toka 427d wanatafuta sifa nne za mji: hekima, ushujaa, kiasi na haki. Tatu za kwanza wanazipata. Ya nne wanaitafuta kama wawindaji waliozunguka kichaka, mpaka Socrates anasema ilikuwa miguuni petu muda wote. Ni kila sehemu kufanya kazi yake na kutoingilia ya mwenzake. Ukiona jibu hilo ni dogo kuliko ulivyotarajia, uko sawa. Bado halijaingia ndani ya mtu.

Siku ya pili soma 434d hadi 441c. Kuna kanuni moja ya kushika: kitu kimoja hakiwezi kutenda mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja, kwa sehemu ile ile na kuhusu kitu kile kile. Socrates anatoa mfano wa pia, kile kichezeo cha watoto, inayozunguka mahali pamoja. Imetulia na inazunguka, lakini mhimili wake ndio uliotulia na ukingo wake ndio unaozunguka. Ukiona mpingano, tafuta sehemu mbili.

Anaanza na kiu. Mtu ana kiu kweli, na bado anajizuia asinywe. Kiu ikiwa kiu tu haitaki lolote ila kinywaji, kwa hiyo kinachomzuia si hiyo kiu. Tayari tuna sehemu mbili, akili na matamanio.

Kisha Leontius, 439e. Anapanda kutoka Piraeus, nje ya ukuta wa kaskazini, anaona maiti zimelala mahali pa mnyongaji. Anataka kutazama. Papo hapo anachukizwa na kujigeuza. Anapigana na nafsi yake, anajifunika uso, mwishoni anashindwa. Anayakodoa macho, anazikimbilia zile maiti na kuyaambia macho yake: haya, ninyi mliolaaniwa, shibeni mandhari hii nzuri.

Mwaka juzi nilitumiwa video ya ajali kwenye simu, na aliyeituma alikuwa ameandika juu yake kwamba kuna waliokufa. Niliiweka simu kifudifudi mezani. Nikasema siifungui. Nikaenda kunywa maji, nikarudi, nikaigeuza simu. Ninachokumbuka zaidi si nilichokiona, bali namna nilivyojikasirikia kabla kidole hakijagusa na hali kikiendelea kwenda. Hasira ile haikuwa akili, kwa sababu haikuwa na hoja yoyote. Haikuwa tamaa pia, kwa kuwa ilikuwa inaipiga vita tamaa. Leontius yuko hapo hapo. Wagiriki waliiita thumos, na kwa Kiswahili baada ya kujaribu "ghadhabu" na "hamasa" nimerudi kwenye "moyo". Kinachojisikia aibu, kinachotaka heshima, kinachokataa kudhalilishwa.

Kama kuna mtu anadhani "moyo" ni tafsiri ya kulazimisha, amwangalie Odysseus kwenye 441b. Plato anauchukua mstari wa Homer, Odyssey 20. Odysseus amerudi nyumbani kama ombaomba, amelala ukumbini, anawaona vijakazi wakitoka wakicheka kuwaendea wale wachumba wanaomposa mkewe. Moyo wake unabweka kama mbwa. Anataka kuwaua palepale. Basi anajipiga kifua na kuukemea moyo wake: vumilia, moyo, ulikwisha kuvumilia mabaya kuliko haya. Kiswahili kinasema alipiga moyo konde, na hapa msemo unakuwa tendo lenyewe, ngumi na kifua na moyo unaoambiwa. Plato anautumia mstari huo kuonyesha kwamba anayekemea, yaani akili, si yule anayekemewa. Leontius aliutenga moyo na matamanio, Odysseus anautenga na akili. Sehemu zimekuwa tatu.

Zoezi la siku ya tatu: chukua tukio moja la wiki iliyopita ulipovutwa huku na huku, uliandike kwa safu tatu. Akili ilisema nini, moyo ulisema nini, matamanio yalitaka nini. Jihadhari na kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya. Usiipe safu ya kwanza ubaridi, kana kwamba akili haina inachokipenda. Kwenye 580d Plato anasema wazi kwamba kila sehemu ina raha yake na tamaa yake. Matamanio yanapenda faida, moyo unapenda ushindi na heshima, akili inapenda kujua.

Ukiisha, soma 443c hadi 444e kwa sauti. Haki, anasema sasa, si ya matendo ya nje kwanza. Ni ya mtu na yaliyo ndani yake. Anazipatanisha sehemu tatu kama nyuzi tatu za kinubi, ya chini, ya juu na ya kati, mpaka kutoka katika wengi anakuwa mmoja. Dhuluma ni ugonjwa wa mpangilio huo, na haki ni afya yake. Afya ilikuwa katika kundi la pili la Glaucon, unakumbuka. Neno letu "adili" tumelipata kutoka Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya usawa na kulingana, na sijaona mahali linapokaa vizuri zaidi kuliko hapa.

Hapo pia ndipo pa kubishana. Kwenye 442e Socrates anauliza kama mtu mwenye nafsi iliyopangika hivi angeweza kula amana ya dhahabu, kuiba, kusaliti, kuzini. Glaucon anakubali haraka kwamba hawezi. Mwanafalsafa David Sachs aliandika mwaka 1963 kwamba hapa pana pengo: tuliulizwa juu ya haki ya kawaida, ya madeni na viapo, tukajibiwa juu ya afya ya nafsi, na hakuna aliyeonyesha kwamba moja huleta nyingine. Kwa nini mwizi makini, mtulivu, mwenye kujitawala asiwepo? Jibu ninaloliegemea ni kwamba akili inayotawala kweli inapenda kitu tofauti na mali, kwa hiyo sababu nyingi za kuiba zinakauka zenyewe. Lakini sidhani kwamba jibu hilo linafunga pengo lote, na ninamheshimu msomaji anayekataa kulivuka.

Ruka vitabu vitatu, usijilaumu

Mwanzoni mwa Kitabu cha 5 Socrates yuko tayari kueleza aina nne za nafsi mbovu. Polemarchus ananyoosha mkono, anamshika Adeimantus vazi begani na kumnong'oneza, na mazungumzo yanapinda kwenda kwa wanawake walinzi, wafalme wanafalsafa, jua na pango. Yanarudi njiani mwanzoni mwa Kitabu cha 8. Ukitoka mwisho wa 4 ukaenda 8 unafuata njia aliyotaka kuishika Socrates. Vitabu vya 5, 6 na 7 virudie baadaye, kwa sababu ndimo anamoeleza akili ikitawala inatazama nini.

Katika 8 na 9, kwa kila aina ya mtu uliza nani amekaa kwenye kiti. Yupo kijana aliyemwona baba yake mpenda heshima akianguka na kufilisika. Anausukuma moyo chini ya kiti cha enzi, anaikalisha tamaa ya mali kama mfalme mkuu wa Uajemi, mwenye taji, mikufu na panga, na akili na moyo wanachutama chini kila mmoja upande wake kama watumwa. Hiyo ni 553c. Akili bado inafanya kazi, ila inaruhusiwa kuhesabu pesa tu. Yupo wa 561c, leo analewa na kusikiliza filimbi, kesho anakunywa maji na kukonda, keshokutwa anafanya mazoezi, kisha analala, kisha anajaribu falsafa. Mwisho dikteta, ambaye anayafanya macho wazi yale ambayo wengine huyaota tu usingizini.

Kwenye 588c chora picha. Hata kama hujui kuchora. Mnyama wa vichwa vingi, vya kufugwa na vya mwituni, vinavyoota na kubadilika. Simba, mdogo kuliko huyo. Mtu, mdogo kuliko simba. Waunganishe wawe kitu kimoja, kisha uwafunike kwa umbo la mtu, ili anayetazama kutoka nje aone mtu tu. Sasa toa karatasi yako ya pete. Anayesema dhuluma inalipa anasema inalipa kumlisha mnyama na simba na kumfisha mtu njaa mpaka akokotwe popote wanakotaka. Pete inamficha mwenye nayo kwa watu wa nje. Waliomo ndani bado wanaishi pamoja. Socrates anaitaja pete kwa jina tena kwenye 612b, na ukiwa na kadi yako utaona kwa nini amengoja mpaka hapo.

Aristotle baadaye, lakini msome

Hujamaliza suala la haki bila Kitabu cha 5 cha Maadili ya Nikomako. Aristotle, mwanafunzi wa Plato aliyekiandika, anairudisha haki kati ya watu. Anatenganisha ile ya kugawa, ambamo kila mtu anapata kwa kadiri ya stahili, na ile ya kurekebisha, ambamo hakimu haangalii nani ni mwema nani ni mwovu bali anaondoa kilichozidi na kukirudisha kilikopungua. Pia anasema sheria, kwa kuwa ni ya jumla, mara nyingine inahitaji kupindwa ilingane na jambo lenyewe, kama rula ya madini ya risasi ya waashi wa Lesbos inayojikunja kufuata jiwe. Kuhusu nafsi, katika kitabu chake juu ya nafsi anakataa kuifanya kitu kilichowekwa ndani ya mwili. Jicho lingekuwa mnyama, anasema, kuona ndiko kungekuwa nafsi yake. Soma hilo siku ile unapohisi wale watatu wa Plato wamekuwa vijitu vitatu vilivyojificha kifuani.

Kurasa za mwisho za Jamhuri, hadithi ya Er wa Pamphylia, zisomwe jioni kwa sauti, ikiwezekana na mtu mwingine. Er anauawa vitani, siku ya 12 anazinduka juu ya kuni za mazishi na kueleza alichoona. Nafsi zinachagua maisha yajayo. Wa kwanza anauvamia udikteta mkubwa kabla hajautazama vizuri, na alikuwa mtu aliyeishi vyema kwa mazoea tu, bila falsafa. Odysseus, ambaye kura yake ni ya mwisho, anazunguka muda mrefu akitafuta maisha ya mtu wa kawaida asiye na makuu. Anayakuta yametupwa mahali, wengine wote wameyapita. Anasema angeyachagua hayo hayo hata kama angekuwa wa kwanza.

Halafu yanakuja maneno mawili ya mwisho ya kitabu, eu prattomen. Jaribu kuyatafsiri mwenyewe kabla ya kuangalia mtafsiri wako amesemaje. Kwa Kigiriki yanabeba kutenda vyema na kufanikiwa kwa pamoja, hayakulazimishi uchague, na ndiyo yale mawili ambayo Glaucon alitaka ajue kama yanaweza kuachana. Pembeni mwa nakala yangu nimeandika kwa penseli "tutende vyema", chini yake "tufanikiwe", na sijafuta hata moja.